Nafasi Nyuma ya Gari la Bibi Arusi

Obura alikunywa chai ya asubuhi akiwa amesimama. Kiti alikuwa nacho, tena kizuri, lakini treni hazimngojei mtu amalize kikombe. Alifanya kazi katika stesheni ya Nakuru. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za reli, ili kila treni ipite njia yake. Alivaa kofia, akachukua bendera zake mbili, nyekundu na ya kijani, akatoka.

Mke wake, Eucabeth, alibaki akifagia mlangoni. Familia hiyo ilikaa katika nyumba za reli. Nyumba zilipangwa kwa mstari, na ukuta mmoja uligawa jamaa mbili. Ukikohoa kwako, jirani anakuambia pole kutoka kwake.

Eucabeth alijaliwa sauti. Akiimba jikoni, watu wa nyumba ya mwisho walijua kwamba ugali uko karibu kuiva. Kwa hiyo katika kila arusi ya nyumba za reli, yeye ndiye aliyeongoza nyimbo za wanawake. Mwaka huo wa 1951 arusi ilikuwa ya nyumbani kwake mwenyewe. Binti yake, Akoth, alikuwa ameposwa na Ogada, karani katika shamba la mkonge kando ya ziwa la Naivasha.

Wanawake wa nyumba za reli walikuwa na desturi yao. Siku ya arusi bibi arusi alikaa katika gari la mbele. Wao walimfuata kwa lori wakiimba. Gari la mgeni halikuruhusiwa kuingia katikati. Likiingia, ilisemwa kwamba msafara umekatwa, na watu wa upande wa bwana arusi walicheka miaka na miaka. Jirani mmoja alikatiwa msafara na gari la kupeleka mikate. Mpaka leo anaitwa Mama Mkate, na hata wajukuu wake wanamwita hivyo.

"Mimi sitaitwa Mama Mkate," Eucabeth alimwambia mumewe. "Wala Mama Maziwa, wala Mama chochote."

"Mama Akoth linakutosha," Obura akajibu.

Wiki mbili kabla ya arusi, wanawake walikwenda Naivasha kupeleka vyombo vya Akoth. Obura alikuwa kazini. Ogada alikuja na pikapu ya shamba. Shangazi yake alikaa mbele pamoja naye. Akoth alikaa nyuma, juu ya sanduku lake, katikati ya sufuria na vyungu. Wanawake walipanda lori la kukodi. Dereva wake aliitwa Kang'ethe. Eucabeth alisimama mbele kabisa, nyuma ya chumba cha dereva, mkono wake juu ya bati.

Walipopita Lanet, gari moja dogo lilitaka kuingia kati ya lori na pikapu. Eucabeth aliliona. Akapiga bati kwa kiganja, pa! pa! pa!

"Sogea, dereva! Tunakatwa!"

Kang'ethe akatoa kichwa dirishani. "Mama, hapa tumekaribia sana!"

"Karibu ndiyo tunataka! Ama lori lako ni mgonjwa?"

Wanawake wote wakacheka. Kang'ethe alikuwa mwanamume kama wengine. Hakupenda kuchekwa na lori zima la wanawake. Akakanyaga mafuta, akasogea. Eucabeth akapiga tena, naye akasogea tena. Sasa waliweza kuona maua ya kitambaa alichofunga Akoth kichwani. Akoth aliwatazama, akapunga mkono. Eucabeth naye akapunga, akiimba kwa nguvu zaidi.

Karibu na Elmenteita, ng'ombe wa shamba moja walitoka kichakani wakaingia barabarani. Ogada alifunga breki. Kang'ethe naye alifunga breki mara moja. Mguu wake haukuwa mvivu na breki zake zilikuwa nzima. Hakuwa na mahali pa kusimama, ni hilo tu. Lori liliigonga pikapu kwa nyuma. Sanduku likaruka, vyungu vikapasuka, na Akoth akatupwa barabarani.

Hakufa. Niseme mapema, maana najua msomaji anataka kujua. Lakini alivunjika mfupa wa bega na akapasuka juu ya jicho. Mwanamke mmoja katika lori alipoteza meno mawili ya mbele. Wimbo ulikatika pale pale, na yule mwenye kuuongoza akasikika akilia.

Arusi iliahirishwa. Akoth alilazwa hospitali ya Nakuru, mkono wake umefungwa kifuani. Siku ya tatu mama yake alimletea uji.

"Kunywa, nyathina," alisema, yaani mtoto wangu. "Yule Kang'ethe hajui kazi. Hajui kabisa! Na hao ng'ombe, mwenye shamba anawaachaje?"

Akoth hakushika kikombe. "Mama, ulikuwa unaniona?"

"Nilikuona vizuri. Hata ulinipungia mkono, nami nikakupungia."

"Sikuwa nakusalimu. Nilikuwa nawaambia mrudi nyuma. Lori lilikuwa limefika karibu sana, nikasikia joto la injini miguuni. Nilipunga, nawe ukapiga bati tena."

Eucabeth alishika kikombe kile, uji ukapoa.

"Nitaolewa," Akoth akaendelea. "Ogada ni mtu mzuri. Lakini sitaki lori nyuma yangu. Lori lako, mama, libaki Nakuru."

Ogada na shangazi yake walikubaliana naye. Shangazi, ambaye shingo yake bado iliuma, alisema wazi kwamba asingependa kuisikia sauti ya Eucabeth nyuma yake tena, hata kanisani.

Eucabeth alirudi nyumbani akiwa amevunjika moyo. Alikuwa ameimba katika arusi za watoto wa watu tangu ujana wake. Sasa mtoto wake mwenyewe angekwenda kwa mume bila sauti ya mama. Na lililomuuma zaidi ni kwamba mtoto alikuwa na haki.

Jioni jirani yao Nyongesa alikuja kutoa pole. Nyongesa alikuwa dereva. Alileta ngano kutoka Mau Narok hadi Nakuru, akiteremka ile milima katika matope na ukungu, na lori lake halikuwa limegonga hata mbuzi. Alipewa stuli, akapewa chai.

"Nimemwona Kang'ethe," alisema. "Anasema breki zake zilishika."

"Kama zilishika, mbona alitugonga?" Eucabeth akauliza kwa hasira.

"Breki si ukuta, Mama Akoth. Ukizikanyaga, lori halisimami hapo hapo. Linakwenda kwanza."

"Linakwenda wapi?"

"Mbele! Macho yanaona ng'ombe. Kichwa kinaambia mguu. Mguu unatoka kwenye mafuta unakwenda kwenye breki. Wakati huo wote lori halijui lolote, linakimbia tu. Halafu breki zinashika, na bado linavuta mbele kabla ya kusimama. Likiwa tupu linavuta kidogo. Likiwa limejaa watu linavuta sana. Njia ikiwa na maji, ama ukiwa unateremka, linavuta zaidi."

Obura alikuwa akivua viatu. Nyongesa akamgeukia.

"Baba Akoth, wewe ni mtu wa reli. Treni moja ikiondoka Nakuru kwenda Gilgil, ya pili mnaiachilia lini?"

"Haiondoki mpaka stesheni ya mbele ituambie kwamba njia iko wazi."

"Kwa nini? Si dereva wa pili ana macho? Si ana breki?"

"Ana breki, lakini treni ni nzito, bwana. Akiiona ya mbele imesimama, atakuwa amechelewa. Hatuwezi..." Obura akabaki na kiatu kimoja mkononi. Kisha akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Miaka yote hii! Kazini nashika bendera treni zisikaribiane. Nyumbani namwacha mke wangu anapiga bati magari yakaribiane."

"Usinitupie mimi peke yangu," Eucabeth alisema. "Ulisikia desturi hiyo ukacheka."

"Nilicheka. Ni kweli."

"Barabarani hakuna stesheni ya kumwambia dereva kwamba njia iko wazi," Nyongesa aliendelea. "Kwa hiyo anajiwekea nafasi mwenyewe. Nafasi ndiyo bendera yake."

Eucabeth alikunja mikono. "Maneno ni rahisi. Mimi nataka kuona."

"Utaona Jumapili," Nyongesa akamwambia.

Jumapili baada ya kanisa, Nyongesa alimwomba tajiri wake lori, akapewa. Walikwenda mahali barabara ilipokuwa tupu na imenyooka. Obura alisimama kando ya nguzo ya simu na bendera yake nyekundu. Nyongesa alimpandisha Eucabeth nyuma ya lori, pale pale alipopenda kusimama.

"Sasa, mama, leo una ruhusa ya kupiga bati," alisema. "Tukifika kwake, Baba Akoth atainua bendera. Ukiiona, piga. Mimi nikisikia, nafunga breki. Shika chuma kwa mkono mwingine, tena ushike sana."

Waliondoka. Lori lilikwenda mwendo wa kawaida, si wa mbio. Walipofika kwenye nguzo, Obura aliinua bendera. Eucabeth akapiga bati. Breki zikalia, yeye akabanwa kwenye chuma mpaka kofia ya kanisani ikaanguka. Lori likasimama.

Alipogeuka nyuma, hakuamini. Mumewe alikuwa kule mbali, mdogo, bado ameinua bendera.

"Teremka," Nyongesa akamwambia. "Rudi kwa miguu mpaka kwake."

Eucabeth alitembea. Alikuwa mtu wa haraka, lakini siku hiyo alitembea polepole, akitazama lami. Hapa wangekuwa wamekwisha kugonga. Na hapa. Na hapa pia. Lori tupu, njia kavu, dereva aliyekuwa akingoja kusikia bati, na bado nafasi yote hii! Aliikumbuka ile nafasi aliyoilazimisha Elmenteita. Lori na pikapu ziliachana kiasi ambacho mtu angeweza kumpa mwenzake kikombe cha chai. Alipofika kwa mumewe alikuwa akilia.

"Nilimgonga mtoto wangu mwenyewe," alisema.

Obura alishusha bendera. Hakumwambia kwamba si kweli. Alimshika mkono, wakarudi pamoja mpaka kwenye lori.

Nyongesa aliwangoja ameegemea gurudumu. Eucabeth alifuta macho, akavaa kofia yake.

"Sawa," alisema. "Nimeona. Sasa niambie jinsi ya kupima. Huwezi kuteremka kila mara utembee."

"Hapo mimi natumia nguzo za simu," Nyongesa akasema. "Gari la mbele likipita nguzo, naanza kuhesabu polepole mpaka sita. Nikifika kwenye nguzo hiyo kabla sijamaliza, niko karibu mno, narudi nyuma. Lakini kuhesabu kuna ubaya wake. Mtu akiwa na haraka, anahesabu haraka."

"Mtu akiimba hawezi kuharakisha," Eucabeth alisema. "Wimbo una mwendo wake. Ukiuharakisha, wenzako wote watakuambia umeuharibu."

Nyongesa alimtazama. "Imba tusikie."

Eucabeth aliimba mstari wa kwanza wa wimbo aliokuwa amemtungia Akoth:

"Fungueni mlango, twaja na Akoth wetu."

Hapo walipanda lori, wakaanza kazi. Gari likiwatangulia barabarani, Eucabeth alingoja lifike kwenye nguzo, kisha akaimba. Nyongesa alimfundisha hivi. Gari dogo, njia kavu, mwendo wa kawaida: mstari mmoja wote uishe kabla hujafika kwenye nguzo. Lori lenye watu ni zito, kwa hiyo mstari uimbwe mara mbili. Mvua ikinyesha, au kukiwa na ukungu au vumbi, uimbwe mara nne. Na gari likienda kasi, nafasi yenyewe inakuwa ndefu zaidi barabarani, maana wimbo haubadiliki.

"Na mgeni akiingia katikati?" Eucabeth aliuliza. Aliuliza polepole, maana hilo ndilo lililokuwa bado linamchoma.

"Ataingia. Ukiacha nafasi, wataingia watu. Mtu akiingia, mimi napunguza mwendo, naanza wimbo upya nyuma yake."

"Akiingia mwingine?"

"Naanza tena. Mama Akoth, nimekatwa na magari mengi kuliko nywele zangu. Jioni nafika Nakuru, nakula ugali. Hakuna mtu ananiuliza niliachia nani nafasi."

"Na gari likikaa karibu nyuma yako wewe, kama sisi tulivyofanya?"

"Simfungii breki kumkomesha. Huo ni ujinga, tutaumia wote. Napunguza mwendo taratibu, nakaa kando, namwacha apite na haraka yake."

Eucabeth alifikiri. "Basi wewe ndiwe utakayeendesha," alisema. "Kama Akoth atakubali."

Akoth hakukubali upesi. Alikuwa ametoka hospitali, na bega lilikuwa likipona, lakini akisikia lori likipita nje alishtuka. Mama yake alimweleza yote: bendera, nguzo, wimbo. Akoth alisikiliza akichambua maharagwe kwa mkono mmoja.

"Mama, siku ya arusi utasahau. Utaona gari linaingia, damu itachemka, utapiga bati."

"Sitapiga."

"Nitajuaje? Mimi nitakuwa mbele. Nikipunga mkono mtasema nawasalimu."

Hilo lilikuwa kweli. Obura, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, aliingia ndani. Akatoka na bendera yake nyekundu ya akiba, akaiweka juu ya magoti ya binti yake.

"Hii hakuna mtu atafikiri ni salamu," alisema. "Ukae nayo kiti cha nyuma. Ukiona lori limekukaribia, ifungue kwenye kioo cha nyuma. Nyongesa akiiona, atasimama kando ya barabara na hatakufuata tena. Tumekubaliana, Mama Akoth?"

Eucabeth aliigusa bendera. "Tumekubaliana. Nikiiona hiyo bendera, nitateremka nirudi Nakuru kwa miguu."

Akoth aliitazama bendera. Kisha akaikunja vizuri, akaiweka katika sanduku lake pamoja na nguo ya arusi.

Siku ya arusi mvua ilinyesha. Jina Akoth hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Baada ya ibada bibi arusi na bwana arusi waliingia katika gari la rafiki mmoja wa Ogada. Shangazi alikaa mbele, akiwa amejifunga shali shingoni. Nyongesa alikuwa amefunga mabenchi na turubai katika lori, na wanawake wote waliketi. Siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kusimama. Hata hivyo, Eucabeth alikaa mbele, karibu na bati na kidirisha cha dereva.

"Leo nyimbo zetu zina kazi," aliwaambia wenzake. "Gari la Akoth likipita nguzo, tunaimba mstari wetu mara nne. Nguzo ikitufikia kabla hatujamaliza, namwambia Nyongesa. Msiimbe mbio!"

"Mbali hivyo?" Mama Mkate aliuliza. "Hawatatusikia."

"Watatusikia tukifika."

Walipita Lanet wakiimba. Nguzo zilipita moja moja. Njia iling'aa kwa maji. Walipofika Elmenteita, pale ng'ombe walipotokea, wimbo ulipungua wenyewe, wanawake wakatazamana. Eucabeth akauinua tena.

Walipokaribia Gilgil, gari dogo jeusi lilikuja nyuma yao. Likapiga honi, likalipita lori, likaingia katikati na kukaa karibu kabisa nyuma ya gari la bibi arusi.

"Tumekatwa!" Mama Mkate alipiga kelele.

Mkono wa Eucabeth ulikuwa tayari juu, kiganja wazi, karibu na bati. Sijui kama alijua kwamba ameuinua. Lori zima liliutazama mkono ule. Kisha aliushusha, akaukalia.

"Mwacheni," alisema. "Huenda naye anawahi kwao. Nyongesa, umemwona?"

"Nimemwona, mama. Napunguza."

Lori likapunguza mwendo. Gari jeusi likatangulia, nafasi ikafunguka tena. Likapita nguzo.

"Mara nne!" Eucabeth aliita, nao wakaanza upya. "Fungueni mlango, twaja na Akoth wetu..."

Hawakuwa wamefika mbali. Punda milia walitoka upande wa kushoto, kundi zima, wakakata barabara wakikimbia. Gari la bibi arusi lilisimama. Gari jeusi lilifunga breki. Magurudumu yake yakateleza majini, likageuka upande, likasimama mlango wake umekaribia kugusa taa za nyuma za gari la Akoth. Nyongesa alikuwa amekwisha kukanyaga breki. Lori lilivuta mbele, likavuta, likapungua, likatulia. Kati yake na gari jeusi palibaki nafasi ya kutosha lori lingine.

Mvua tu ilisikika kwenye turubai. Wanawake wale walitazama mbele, na kila mmoja aliona kile ambacho kingetokea. Lori lingeliponda gari jeusi, na gari jeusi lingemponda Akoth.

Mtu wa gari jeusi alitoka. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alitazama gari la mbele, akatazama lori lililosimama kule nyuma. Akavua kofia katika mvua ile, akawainamia wanawake kichwa. Kisha akaingia garini, akaondoka polepole sana.

Akoth alikuwa amegeuka nyuma, uso wake kwenye kioo. Eucabeth alimwona kwa mbali. Hakupunga mkono. Alingoja aone kama bendera itafunguliwa. Haikufunguliwa. Gari la mbele likaondoka, likapita nguzo.

"Mara nne," Eucabeth alisema kwa sauti ndogo. Aliimba huku machozi yanamtoka, na wenzake wakamshikia wimbo pale aliposhindwa.

Walifika Naivasha baada ya bibi arusi. Watu wa upande wa Ogada walikuwa wamekwisha kujipanga mlangoni. Shangazi alikuwa mbele yao. Desturi ni desturi, naye hakuweza kuiacha nafasi ya kutania.

"Mmechelewa!" aliita. "Tena tumeona kwa macho yetu! Gari jeusi liliingia katikati. Msafara wenu ulikatwa!"

Wanawake wa Nakuru wakamtazama Eucabeth. Yeye alishuka katika lori bila haraka, akakung'uta nguo yake.

"Ulikatwa," alijibu. "Liliingia kwa sababu palikuwa na nafasi. Na ile nafasi ndiyo iliyowaletea mke wa mtoto wenu akiwa mzima. Shingo yako inaendeleaje, mama?"

Shangazi aligusa shali yake. Alikuwa amewaona punda milia, na alikuwa amelisikia lile gari jeusi likiteleza nyuma yake. Akatazama chini. Kisha akafungua mikono, akamkumbatia Eucabeth mbele ya watu wote.

"Imbeni basi," alisema. "Mlango haujafunguliwa bado. Tulikuwa tunawangoja."

Wakaimba. Sauti ya Eucabeth ilisikika mpaka ziwani, na safari hii hakuna aliyekuwa karibu mno.

Akoth alimwendea baba yake, aliyekuwa amekuja kwa treni. Alitoa bendera nyekundu katika mkoba, bado imekunjwa jinsi alivyoikunja yeye mwenyewe.

"Chukua, baba. Kesho irudishe kazini."

"Hukuifungua?"

"Niliishika njia yote. Pale kwa punda milia nilifunga macho. Nilipoyafungua, niligeuka nyuma nikamtafuta mama. Alikuwa mbali."

Katika nyumba za reli desturi haikufa, ilibadilika. Lori la wanawake liliendelea kumfuata bibi arusi, lakini kila arusi ilitungiwa mstari wake wa kupimia. Madereva wa kukodi walijua kwamba ukiwachukua wanawake hao, utaambiwa urudi nyuma mpaka uchoke. Kang'ethe naye alirudi kuwachukua. Akisogea kidogo tu, alisikia wimbo ukinyamaza, akajua.

Na Eucabeth alipata jina, kama alivyoogopa tangu mwanzo. Walimwita Mama Nafasi. Mwanzoni alikasirika kidogo. Lakini mwaka uliofuata Akoth alimletea mjukuu, na jirani mmoja akauliza ni mtoto wa nani anayelia kwa sauti kubwa namna hiyo.

"Wa kwangu," alijibu. "Mimi ndimi Mama Nafasi."